Mzee wa Kitale ni mimi

Sijawahi kumwambia mtu: yule "Mzee wa Kitale" kwenye jukwaa la mtandaoni la kung'arisha magari ni mimi.

Ndiyo, mimi niliyemaliza kidato cha nne juzi, ninayeitikia salamu kanisani nikiangalia viatu.

Leo mpinzani wangu, "Kitambaa wa Bungoma", ametokea hapa baba anapooshea magari, palepale ninapopigia picha za jukwaani.

"Siste, Mzee wa Kitale yuko? Ati anasema boneti yangu ina mikwaruzo!"

Nusura niseme ameenda safari, mji wa Naitiri.

Badala yake nikachukua waksi, nikasugua kipande cha boneti yake kwa mistari iliyonyooka. Yeye husugua kwa kuzungusha mkono. Tumebishania hilo kwenye jukwaa miezi mitatu, bila tusi hata moja.

Akainama, akaangalia kile kipande juani. Akaniangalia mimi.

"Kumbe ni wewe, bana! Basi shikamoo, mzee."

Nikaitikia marahaba! Mtu wa umri wa baba!

Yeye ameapa kunyamaza. Nanyi mnaocheka hapo, tafadhali msiseme kule jukwaani. Wakijua ni msichana watanihurumia, na mimi nataka kuwashinda wakiwa wamejikaza.