Mzee Valerian Aliyeandikwa Ke

Valerian alitoka Newala mwaka ambao bintiye Anna alikuwa bado ananyonya. Alifika Gongo la Mboto na mfuko wa patasi na tezo mbili, na kwa miaka thelathini na moja hakufanya kazi nyingine ila kuchonga mpingo. Alichonga akiwa amekaa chini, gogo amelibana kwa nyayo, na kipande kikimsumbua alikiegemeza kifuani upande wa kushoto. Ndiyo maana uvimbe ulipoota nyuma ya chuchu ya kushoto, mgumu, wa ukubwa wa korosho, hakushtuka. Alijiambia ni sugu ya kazi.

Aliishi nao miezi minane. Mkewe, Margareta, ndiye aliyeuona, siku alipokuwa anampaka dawa ya mgongo.

"Baba Anna, hicho ni nini?"

"Sugu."

"Sugu haivuti chuchu ikaingia ndani."

Valerian alivaa shati, na mazungumzo yakaishia hapo. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alikuwa hajawahi kumsikia mwanaume akizungumzia titi lake mwenyewe.

Mwezi wa tano likapita gari la matangazo mtaani. Kituo cha afya kilikuwa kinawapima kina mama matiti bure, kwa mashine mpya yenye akili mnemba, majibu papo hapo. Margareta alijiandaa, akamwomba mumewe amsindikize. Alipopimwa yeye, mashine ilionyesha kijani, yaani mzima. Badala ya kuinuka, akamnong'oneza nesi jambo, na nesi akatoka nje kwenye benchi alipokaa Valerian.

Nesi huyo aliitwa Sekela, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya chini.

"Baba, ingia uvue shati."

"Mie nimemsindikiza tu mama Anna."

"Najua. Vua shati."

Akambonyeza titi, kisha kwapa, na alipofika kwapani akarudia pale pale mara mbili. Akachukua kile kidude cha kupimia kilichounganishwa na kishikwambi. Lakini kishikwambi kilitaka maswali yake yajibiwe kwanza, na penye jinsi palikuwa pameshaandikwa Ke. Sekela alibonyeza mara tatu, hapabadiliki.

"Wameitengeneza kwa ajili ya kina mama," alisema. Akafikiri kidogo, kisha akaendelea. Amezaa mara ngapi, akajaza sifuri. Amenyonyesha, hapana. Hedhi, imekoma. Margareta alicheka, Valerian naye akacheka. Hawakucheka tena kuhusu jambo hilo.

Kidude kilipita juu ya titi, vivuli vya kijivu vikayumba kwenye kioo, na baada ya dakika moja ukatokea mstari mwekundu: hatari kubwa, rufaa ndani ya wiki mbili.

"Hiyo mashine haiwezi kukosea?" Valerian aliuliza.

"Inaweza. Lakini hata mkono wangu unasema hivyo hivyo, baba. Usikae."

Akamchapia karatasi ya rufaa, na chini akaongeza kwa kalamu: mgonjwa ni mwanaume.

Valerian hakukaa. Wiki ile ile alivaa shati lake la kanisani, akaenda hospitali kubwa mjini, akafika dirishani saa moja asubuhi. Karani alichukua karatasi na kitambulisho, akaangalia kompyuta, akamwangalia yeye.

"Rufaa hii ni ya mwanamke."

"Ni yangu. Nesi ameandika hapo chini."

"Mzee, kila siku tunapata watu wanaotumia rufaa za wake zao wapite haraka. Hapa kwenye mfumo kuna mwanamke, kwenye kitambulisho kuna mwanaume. Faili halifunguki. Rudi walikokuandikia, warekebishe."

Hakupaza sauti, wala Valerian hakupaza yake. Alikunja karatasi akarudi. Kituoni akaambiwa Sekela amehamishiwa Wazo, upande mwingine wa jiji. Aliyekuja mahali pake alikuwa kijana mwangalifu anayeitwa Fredrick. Fredrick akawapigia watu wa mradi wa ile mashine, wakamjibu kwamba kumbukumbu ikishaingia haibadilishwi, ila toleo jipya linakuja, litakuwa na nafasi ya wanaume. Mzee asubiri.

Wakati anasubiri, simu ikawa inaleta ujumbe kila Jumatatu. Jumatatu moja Valerian hakuwa na miwani, akampa simu Bakari, mchongaji mwenzake wa miaka mingi, amsomee. Bakari akasoma kwa sauti, uwanja mzima wa wachongaji unasikia: "Dada Valerian, usiogope. Wanawake wengi kama wewe wamepona. Wahi kliniki." Kabla ya chakula cha mchana ameshakuwa Dada Valerian kwa kila mtu, hadi kwa muuza msasa. Bakari hakuwa na ubaya, alidhani ujumbe umetumwa kimakosa. Valerian naye hakumwambia kwamba haukukosea. Kesho yake alibeba vifaa vyake akahamia kuchongea nyumbani, na sababu akasema ni vumbi.

Toleo jipya lilikuja mwishoni mwa mwezi wa saba. Fredrick alimpigia mwenyewe. Safari hii palikuwa na Me na Ke, akabonyeza Me, akapitisha kidude. Haikutokea nyekundu wala kijani. Yalitokea maandishi ya kijivu: mtu huyu hayumo kwenye kundi la upimaji.

"Haina rangi, mzee," alisema Fredrick. "Na bila nyekundu mfumo haunipi rufaa. Za kuandika kwa mkono hospitali ile hawapokei siku hizi."

"Na ile nyekundu ya kwanza?"

Fredrick akafungua kumbukumbu ya mwezi wa tano. "Kwa mfumo, ile ni ya mtu mwingine."

Hapa ndipo Valerian anapojilaumu hadi leo. Angeweza kugombana. Angeweza kwenda kwa mganga mkuu wa kituo, au kumtafuta Sekela. Lakini alipovaa shati lake alihisi nafuu, kama mtu aliyeambiwa aende zake. Alipofika nyumbani akamwambia Margareta, "Wamesema hainihusu." Margareta akamuuliza nani kasema, akajibu mashine. Akakaa chini akachonga.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata mgongo ukaanza kumuuma, akasema ni kuinama. Mwezi wa tatu hakuweza kuinuka bila kushikwa, na uvimbe ulikuwa umepasua ngozi. Margareta hakumuuliza tena. Alifunga kanga, akaenda Wazo, akauliza zahanati hadi zahanati mpaka akampata Sekela.

Sekela alikuja siku yake ya mapumziko. Alimvua shati, akatazama, akasema tu, "Baba, ulienda?"

"Nilienda."

Akampeleka mwenyewe. Hakusimama dirishani, alimshika mkono akampitisha mlango wa pembeni mpaka kwa daktari bingwa, dokta Felicitas, na alipoulizwa rufaa iko wapi akasema rufaa ni yeye Sekela. Wakakata kinyama kidogo cha uvimbe kwenda kukipima, wakampiga picha za mifupa. Majibu yalipotoka, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye uti wa mgongo.

"Mzee wangu," alisema dokta Felicitas, "kwa nini hukuja mapema?"

Valerian alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Daktari akaifungua, akasoma tarehe, akasoma maandishi ya kalamu, akarudia tena kusoma.

"Ulikuja," alisema.

"Nilikuja."

Daktari akaibana karatasi ile kwenye faili jipya. Alimwandikia mionzi ya kupunguza maumivu na vidonge vya kila siku, akamweleza kinagaubaga kwamba ugonjwa huo sasa unazuiwa kwa muda, hauondolewi.

Mwezi wa sita akaja nyumbani kijana wa mradi, Ansbert, nadhifu, mwenye adabu. Alisema shikamoo, akakataa kiti kizuri akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amesikia habari kwa Sekela.

"Mzee, nimezipitia picha zako zote. Mashine haikukosea. Ilikuona siku ya kwanza."

"Kwa hiyo ilijua."

"Ilijua, mzee."

"Na nyie?"

Ansbert alifungua mkoba wake. Kisha akatoa karatasi. Walitaka ruhusa ya kutumia picha za titi lake na majibu ya kinyama ili mashine ifundishwe kuhusu wanaume. Watapona wengine, alisema. Valerian akauliza kama hapo kwenye karatasi wataandika kwamba alifika hospitali kwa miguu yake ndani ya wiki mbili, akarudishwa.

"Hii ni ya picha tu, mzee."

"Basi nenda nayo."

Margareta alimsindikiza kijana mpaka barabarani akiwa ameridhika. Valerian hakuridhika. Kutwa nzima alimfikiria mwanaume fulani asiyemjua, labda huko huko Newala, anavaa shati lake upesi mkewe akiingia chumbani. Siku tatu baadaye akamwambia Margareta ampigie kijana arudi.

Ansbert alirudi. Valerian alitia sahihi, na mkono uliponyooshwa kumshukuru hakuupokea. Ansbert alipoondoka, Margareta aliendelea kuchambua mchele akiwa amempa mumewe mgongo.

"Wewe umewapa," alisema. "Mie sijawapa."

Sasa Valerian anatembea kwa mkongojo mpaka mlangoni na kurudi. Mkono wa kushoto umevimba, haushiki patasi. Tezo zote mbili amempa Bakari, ambaye alikuja kuzichukua akashindwa kumtazama usoni, akaomba msamaha kwa kilichotokea uwanjani. Valerian alimwambia hakuna neno. Alimwambia hivyo kwa sababu alikuwa amechoka, na alitaka kulala kabla maumivu hayajaanza.