Picha Nzito za Siku ya Kupamba

Kwanza ulikuja mlio wa kioo. Nilikuwa jikoni kwetu Timbwani, nikijimiminia chai, na nilijua kuwa ni skrini ya dada kabla sijalifikia pazia la chumba chake cha kazi.

Kijana aliyeivunja alishika nondo. Ngumi yake ya kulia ilikuwa na damu, damu ya fundi wetu wa kompyuta.

"Dada yangu anatazamwa na makuli dukani kwa fundi!" alimpigia dada kelele. "Kichwa wazi, mabega wazi! Si wewe uliyewaambia wanawake waache simu mlangoni?"

Dada alinigeukia mimi.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha siku ya kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake peke yao. Mwanamume hazioni picha zile. Hata mimi, mdogo wake, sikuwahi kuzifungua. Lakini kompyuta yake yenye memori ya gigabaiti nane ilihema kama mwenye pumu kila alipozisafisha, nami nilisoma wiki nzima nikamshawishi: tusipapie prosesa ghali, ya kati yenye kori nane yatosha, nguvu yetu tuitie kwenye memori, thelathini na mbili. Wallahi nilikuwa sahihi. Asubuhi ile nilipeleka kasha la kompyuta kwa fundi, diski ya picha ikiwa ndani. Alipomaliza kufunga vipuri nikamwambia, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, "Ijaribu kwa picha nzito. Fungua zote pamoja."

Zikafunguka mara moja, skrini ya duka ikielekea njiani. Mimi nilikuwa natazama kipimo cha memori. Nikarudi na kasha kwa bodaboda huku nacheka, nisijue kwamba kaka wa bibi harusi alikuwa miongoni mwa waliosimama nje.

"Nipe diski," kijana alisema sasa.

"Sikupi," dada alimjibu.

Nondo ikamshukia dada begani. Nilimrukia yule kijana, akanipiga kiwiko cha mdomo, nikaanguka juu ya vioo.

"Ni dada yangu!" alilia. Kweli alikuwa analia.

"Dada yako ni mmoja. Humu mna wake za watu, mama za watu. Nao pia dada zako?"

Dada alifungua ubavu wa kasha kwa mkono mmoja, ule mwingine ukining'inia. Akaichomoa diski, akaiweka sakafuni, kisha akanyoosha kiganja mbele ya kijana. Sijui kwa nini, lakini alimpa nondo. Dada akapiga. Akapiga tena, akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hadi sahani za ndani zikapasuka zikatawanyika miguuni mwetu.

"Dada yangu hana picha nyingine," kijana alisema polepole.

"Najua. Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Kijana akatoka bila kuaga. Mimi nilikuwa natema damu kwenye kanga ya dada.

"Kwa nini ulimfungulia fundi picha zile?" dada aliniuliza.

"Nilitaka kujua kama memori yatosha."

"Ikatosha?"

"Ilitosha, dada."

"Basi toka. Nenda kalale kwa huyo fundi wako, ukamfute damu."

Nilitafuta viatu vyangu kati ya vioo. Nilipovuka kizingiti nilitaka kumwomba radhi, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.