Goti Nililoliombea Kanisani

Jumamosi ile ningeweza kukubali kushindwa kiungwana, lakini niliamua kumdanganya rafiki yangu Okoth. Sisi wastaafu wachache wa Kisumu tuna ligi yetu ya simu. Kila mtu huchagua wachezaji halisi wa Ulaya, nao wakifunga mabao, yeye hupata pointi; pia twaweza kubadilishana wachezaji. Okoth alikuwa na mshambuliaji niliyemtamani, basi nikamwambia kijana ameumia goti.

"Wacha uongo, Mzee," akacheka. "Mbona redio haijasema?"

Okoth haamini redio wala daktari wake, lakini huamini kila neno linalosemwa kanisani. Kesho yake, mimi mzee wa kanisa nikasimama wakati wa maombi. "Tumkumbuke kijana wetu aliye Ulaya. Ameumia goti akicheza mpira."

Akina mama walilia, wakidhani ni mwanangu. Baada ya ibada Okoth akanipa mshambuliaji wake, nami nikampa beki mchovu kama mimi.

Jumatano jioni pasta alifika kwangu na akina mama sita, kuku wawili na unga. Okoth alikuwa nyuma yao.

"Mpigie kijana simu, Mzee, tumwombee," pasta akasema.

Nikajifanya natafuta namba. Nilitafuta sana.

"Pasta, goti limepona," Okoth akasema, akiinua simu yake. "Jana alifunga mabao mawili. Sasa ni mchezaji wa huyu katika ligi yetu ya simu."

Mama mmoja akarudisha kuku wake kwapani.

Ligi nilishinda. Uzee wa kanisa nilivuliwa, na Okoth, rafiki yangu tangu sekondari, hajaniamkua hadi leo.