Baba zangu wawili na gari la umeme

Admin, naomba ufiche jina langu. Niko na miaka kumi na minane, nimemaliza Form Four, na nakaa nyumbani Kitengela nikingoja kujua kama nitaenda chuo. Nitakayosema hapa sijamwambia mtu, hata Yeyo, mama yangu, ambaye huniona uso tu akajua nina jambo. Ni haya: najua gari ambalo babangu anataka kununua halitamfaa, na aliyenionyesha hivyo ameniomba ninyamaze.

Babangu huchukua maziwa Bisil asubuhi na kuyaleta Kitengela kwa wenye hoteli. Pikapu yake imezeeka na petroli inakula faida yote. Sasa ameamua kuuza ng'ombe karibu wote tulio nao, aagize kigari cha mizigo cha umeme kilichotumika Japani. Ng'ombe hao ndio chakula chetu, na ndio karo yangu nikipata nafasi.

Msidhani amekurupuka. Ameuliza kila mtu. Fundi wa gereji alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hiyo ni simu yenye magurudumu! Betri ikikufa utanipigia na nini?" Tukiwa njiani kurudi baba akaniambia, "Huyu anaogopa nitaacha kununua oil kwake." Kaka yangu alimtumia video za mzungu anayesifu magari ya umeme kwenye barabara laini kama meza. Baba alizitazama zote kwa makini, kisha akauliza, "Huyu ameshabeba maziwa kutoka Bisil?" Muuzaji naye husema lile ambalo muuzaji yeyote angesema.

"Wote hawa wana la kupata au la kupoteza," baba alisema. "Lakini mtu wa rika langu hawezi kunidanganya."

Kwetu Wamaasai, wanaume waliotahiriwa wakati mmoja ni rika moja, na mtoto wa mmoja ni mtoto wao wote. Mwenzake mmoja wa rika hilo alinunua gari la aina hiyo hiyo, na kila tukitoka kanisani husimama kando ya gari hilo akisema amesahau hata harufu ya petroli. Mimi humwita papa, yaani baba, na nikimsalimia namwinamishia kichwa anishike, kama ninavyomfanyia babangu mwenyewe.

Siku moja nilikuwa Kajiado kuchukua karatasi zangu shuleni. Huyo papa mwenye gari akanikuta barabarani akitoka Bisil na magunia ya mkaa, akanipa lifti. Jua lilikuwa kali lakini alizima feni. Alienda polepole, malori yakitupigia honi, na macho yake hayakutoka kwenye ile namba inayoonyesha chaji iliyobaki. Tulipofika Isinya aliingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatoa waya, akachomeka ukutani bila kuonyeshwa mahali.

Mwenye duka akapaza sauti, "Mzee, umerudi kunyonya?"

Akacheka, lakini mimi niliona akiinamisha macho. Tulikaa hapo mpaka kivuli cha duka kikavuka barabara. Akaninunulia soda.

"Kule kwetu mjini halina shida," akaniambia. "Kanisani, sokoni, nyumbani, ni gari zuri. Lakini Bisil kwenda na kurudi na mzigo, linanichokea njiani. Betri ilikuja imechoka. Mimi niliangalia rangi, sikuuliza betri."

"Papa, si umwambie baba?"

"Nakerai, mtoto wangu, niliuza ng'ombe rika lote likiangalia. Waliniambia ngoja kwanza, nikawaita waoga. Sasa nirudi niwaambie nini?" Akanishika kichwa. "Wewe ni wangu pia. Haya tuyaache hapa."

Nikasema ndiyo, papa. Sikufikiria hata kidogo. Ndivyo nilivyolelewa kujibu.

Jumapili iliyopita alikuja kwetu kunywa chai. Baba akamuuliza, "Niambie wewe, maana hao wengine siwaamini. Bisil linafika?"

Alikoroga chai muda mrefu. Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai, akaniangalia.

"Linafika," akasema.

Ni kweli, kufika linafika. Ya kurudi hakuulizwa. Baba akanigeukia, "Wewe ndiye msomi wetu, unaonaje?"

"Sijui, papa."

"Form Four yote, halafu sijui!" Wakacheka wazee wote wawili. Yeyo hakucheka.

Nimechoka. Nimechoka kumwona baba akitabasamu na kuchagua ng'ombe wa kupeleka soko la Bisil wiki ijayo, huku mimi nikiwakamua na kuwaita majina. Nikisema, nimemwaibisha baba mmoja mbele ya rika lake, na simchukii, kwa sababu alinibeba wakati hakuwa na chaji ya kutosha hata ya kujibeba mwenyewe. Nikinyamaza, baba mwingine atakwama Isinya na mitungi ya maziwa yanayoganda.

Nimefikiria nimwambie baba aliazime hilo gari siku moja tu, alijaze maziwa, aende na kurudi mwenyewe. Mtu wa rika hanyimwi akiomba. Lakini mwenye gari atajua mara moja wazo limetoka kwa nani, na sijui nitamwinamishiaje kichwa tena.

Mlio na baba wengi kama mimi, niambieni nianzie kwa yupi. Nimwendee mwenye gari kwanza, nimwombe aseme mwenyewe kabla ya siku ya soko? Au nimwambie babangu yote, nivumilie yatakayofuata?

Na kama wewe ni wa huku, na umeshaliona hilo gari likichajiwa pale Isinya, tafadhali usiandike jina la mwenyewe hapa chini. Ukimkuta, msalimie tu.