Rangi ya Nywele za Babu

Mama yangu alikuwa na picha moja tu ya baba yake, ndogo kama ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, na nyuma yake kulikuwa na jina la mji mmoja wa Ayalandi kwa wino uliofifia. Babu alikuja Kilimanjaro kusimamia ujenzi wa barabara, akaishi na bibi, akaondoka mama akiwa hajaanza kutambaa. Bibi hakupenda kuulizwa habari zake. Alikufa bila kusema zaidi ya hayo.

Tulipanga vyumba viwili Kariakoo, katika nyumba ya mama mmoja wa Kilwa. Mama alikuwa mshonaji. Kwa weupe wake majirani walimwita Mzungu wa Foleni, maana alipanga foleni ya sukari kama wao.

Mwaka niliomaliza shule aliipeleka ile picha studio ikuzwe na kutiwa rangi. Nilifuatana naye. Fundi alipaka kwa pamba iliyozungushiwa kijiti cha kiberiti.

"Dada, macho nitie rangi gani?"

"Kama yangu."

"Na nywele?"

"Nyeusi. Kwani watu wana nywele gani?"

"Wazungu wengine wana nywele kama katani, dada'angu."

"Sikukuletea Wazungu wengine. Nimekuletea baba yangu."

Fundi akacheka, akachovya pamba.

Basi babu akaja nyumbani na nywele nyeusi tii na macho ya kahawia. Mama alimtundika juu ya cherehani. Kila asubuhi, kabla hajaketi kushona, alisema, "Shikamoo, baba," kisha akajiitikia mwenyewe kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu."

"Mzee kaamkaje leo?" mwenye nyumba aliuliza akipita.

"Hajambo, ila analalamika chai haina sukari."

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwandishi wa gazeti, nilipata nafasi ya masomo Ayalandi. Jumamosi moja nilipanda basi hadi ule mji. Niliuliza posta, kanisani, dukani, habari za mtu aliyekwenda Afrika zamani kujenga barabara. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Kufika saa nane nilikuwa nimeketi jikoni kwa dada yake babu, mwanamke mzee aliyechora picha za rangi za maji, mbele ya moto wa vipande vya udongo mweusi ambao huko huchomwa kama kuni. Kaka yake alikuwa ameshakufa. Habari zetu hakuwa amewahi kuzisikia. Alinitazama kipaji cha uso kwa muda mrefu, akainuka, akarudi na picha aliyomchora kaka yake alipokuwa kijana. Nywele zilikuwa nyekundu kama kutu, macho ya kijivu, uso umejaa madoadoa.

"Hivi ndivyo alivyokuwa," alisema, akanipa nichukue.

Nilirudi na ile picha na sabuni kumi na mbili, kwa kuwa sabuni ilikuwa adimu. Mama alinusa moja baada ya nyingine. Mwenye nyumba alipewa mbili.

"Leo mume wangu atanipita mlangoni," alisema, "atadhani kapishana na Mzungu!"

Nyumba nzima ikacheka. Ningeishia hapo, kwenye sabuni. Lakini nilikuwa nimezoea kuamini kwamba aliyepewa ukweli amepewa zawadi. Nikafungua karatasi niliyofungia picha.

Mama aliisogeza picha karibu na dirisha. Akamtazama yule wa ukutani, kisha akarudi kwa huyu.

"Huyu nani?"

"Babu. Kachorwa na dada yake."

"Nywele ndizo hizi?"

"Ndizo."

Hakulia. Aliifunga tena kwenye karatasi yake, akaiweka chini ya vitambaa vya wateja, akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake aliketi kwenye cherehani bila kumwamkia mtu. Keshokutwa vilevile. Picha ya ukutani hakuiondoa, aliifuta vumbi kama alivyofuta kabati. Yule mzee aliyetiwa rangi studio alikuwa baba yake kwa miaka yote ile. Mimi nilimgeuza mtu baki, na niliyemleta badala yake mama hakumjua.

Asubuhi moja nilijaribu kurekebisha. Nilisimama chini ya picha ya ukutani, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, babu," nikangoja mama aitikie kwa ile sauti nzito. Mguu wake ulisita juu ya kanyagio la cherehani.

"Unamwamkia nani?" aliuliza, akaendelea kushona.