Konsaltanti Hana Likizo

Siku yangu ya kwanza kazini, Louisville, nilikwenda nimevaa viatu vya kanisani. Mrundi mimi, nimekulia kambini Kigoma, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani Marekani mtu anakwenda kazini amependeza. Supavaiza wa zamu ya asubuhi akaniangalia miguu, akanionyesha mlango. Aliyeniokoa ni Sadoki, Mkongo wa milima ya Kivu Kusini, jirani yetu pale apatimenti za Newburg. Alikuwa na buti nyingine kwenye gari.

"Bon, mudogo yangu, vaa hizi. Kama zinakubana, nyamaza."

Zilinibana. Nilinyamaza. Tangu siku ile mtu akimsema vibaya Sadoki mbele yangu, tunagombana, hata kama ni mchungaji.

Na msicheke nikisema nimestaafu. Nina miaka thelathini na mbili, lakini mgongo umekwisha, siku hizi nanyoa watu. Nyie mliofika juzi mnakaa kwenye kiti changu mnaniuliza kazi za weahausi, yaani za maghalani, zilikuwaje. Haya, sikilizeni, na msinitikise kichwa nikiwa na wembe.

Sadoki alinifundisha foklifti, ile mashine yenye meno mawili mbele ya kuinulia paleti. Paleti ni chaga za mbao ambazo mizigo inapangwa juu yake. Alinifundisha kupiga honi kila kona, kutazama meno kabla ya kutazama mzigo. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwenye simu, wakati wa breki, nikiwa na visikilizi masikioni.

Wakati ule tulikuwa wafanyakazi wa kudumu. Maana yake nini? Kodi kampuni inakukatia. Mwisho wa mwaka unapewa karatasi ya W-2. Na kadiri unavyofanya kazi, saa za likizo ya kulipwa zinajikusanya pole pole. Wao wanaita PTO, Sadoki alikuwa anaita konje. Yeye konje yake ilikuwa na kazi moja tu. Kila kiangazi alipanda gari kwenda Buffalo, kwa mama yake, aliyekuwa anaishi na dada yake Sadoki nyuma ya Grant Street. Anamnunulia sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu, anakaa naye wiki nzima wanasimuliana habari za ng'ombe wao, na mshahara unaingia kama vile yuko juu ya foklifti.

Halafu Meneja Mkuu akatuita ofisini. Kampuni ilikuwa inafungua ghala Columbus, baadaye Buffalo, na Waafrika wengi wanaajiriwa. Wanahitaji watu wa kuwafundisha kwa lugha yao.

"Hamtakuwa tena wafanyakazi wa kawaida," akasema. "Mtakuwa makonsaltanti. Kwa saa mtapata zaidi."

Jamani. Nyie hamkukaa kambini, hamjui neno lile lilikuwa na uzito gani kwetu. Konsaltanti ndiye aliyeshuka kwenye Land Cruiser nyeupe na miwani ya jua, kitambulisho kinaning'inia shingoni, anauliza maswali mawili, anaondoka, na wiki inayofuata mgao wa unga unabadilika. Na sisi leo ndio hao! Hatukuuliza kitu. Jumapili tukatoa shukrani kanisani, na kreti za Fanta, na wake zetu wameshona vitenge sare. Mchungaji akatusimamisha mbele akatuombea. Mama yake Sadoki alikuwa anafuatilia kwa simu kutoka Buffalo, analia kwa furaha, anapiga vigelegele mpaka sauti inakatika.

Columbus kazi ilikuwa ile ile. Buti zile zile, kizibao kile kile cha kung'aa, saa unapangiwa, ukichelewa unafokewa. Kilichobadilika ni karatasi. Mwisho wa mwaka ikaja 1099 badala ya W-2, na kodi unajilipia mwenyewe. Bima hakuna. Siku ya Krismasi ghala limefungwa, wenzetu wa kudumu wanalipwa, sisi hatupati kitu. Nikaanza kunung'unika. Sadoki akanituliza.

"Donc, Buffalo iko karibu kufunguliwa. Nitakuwa na mama kila siku. Vumilia."

Buffalo ilikuwa bado haijafunguliwa dada yake alipopiga simu. Mama amelazwa, figo zimechoka, madaktari wamesema watoto waje. Sadoki akaenda kwa Meneja wa Mafunzo, mimi nyuma yake.

"Niko naomba konje," akasema. "Mama yangu."

Meneja yule, mama wa Kizungu, hakuwa na roho mbaya, ndiyo maana iliniuma zaidi. Alisema kwa upole kabisa: "Sadoki, likizo ni ya wafanyakazi. Wewe ni biashara. Unaweza kuondoka wakati wowote. Ila hatutakulipa, na darasa jipya linaanza Jumatatu. Usipokuwepo, itabidi tutafute mtu mwingine."

"Biashara gani ina mama mgonjwa?" nikapayuka. Sadoki akanikanyaga mguu.

Tukaondoka Ijumaa baada ya zamu, theluji inapiga kioo. Tulimkuta mama anaongea bado. Jumamosi nzima Sadoki alimshika mkono. Jumapili mchana akaanza kutazama saa. Nikamvuta koridoni.

"Usiondoke. Kazi ya kishenzi hii, waache wamtafute mtu wao!"

"Mudogo yangu, niko na watoto ine na nyumba ya kulipa. Utanilipia wewe?"

Mama alisikia, kuta za hospitali nyembamba. Akamwita mwanawe. "Wende kazini. Uko mukubwa huko, watu wanakungojea."

Tulikuwa tunajaza mafuta Erie, njiani kurudi Columbus, dada yake alipopiga. Sadoki alisikiliza, akakata, akaendelea kushika pampu wakati tangi limeshajaa. Mimi nilikuwa nalia pale kituoni kama mtoto. Nikachukua usukani, tukageuza.

Tulikaa matanga wiki nzima. Jumatatu mchana ujumbe ukaingia kwenye simu zetu wote wawili: asanteni kwa huduma yenu. Nilimpigia yule meneja, niliyomwambia siyasemi hapa.

Baadaye nikasoma, usiku na mchana. Mtu akipangiwa saa na kazi yote anaelekezwa, mara nyingi sheria inamhesabu mfanyakazi, hata karatasi iseme nini. Unaweza kupeleka malalamiko ofisi ya kazi. Nilimbembeleza Sadoki twende. Akaniuliza, "Wataniregeshea ile Jumapili?" Hakwenda. Bila yeye, na mimi sikwenda. Kwa hiyo nyie, kabla hujaweka sahihi, usiulize utaitwa nani. Uliza: nikiuguliwa, nani atalipa siku zile?

Sadoki alihamia Buffalo, ni mfanyakazi wa kudumu kwenye kiwanda kingine. Kiangazi hiki ofisi ilimwambia siku zake za likizo zimejaa, azitumie au zitapotea. Nikampigia siku ya kwanza ya likizo yake, saa nne asubuhi. Alikuwa kwenye gari, kwenye maegesho ya kiwanda.

"Unafanya nini hapo, kaka?"

"Wamesema nipumzike," akasema. "Sasa niende wapi?"