Hisa Zisizokula Nyasi

Jamani, nimechoka kuulizwa habari za bei. Kila nipitapo stendi ya Garsen kuna mwalimu mwenzangu atakayenishika mkono: hisa zinaendaje, zimepanda, zimeshuka, tuuze au tukae? Nikijibu sijui, wananiona nina choyo. Kweli sijui. Ninachokijua kuhusu kupanda na kushuka nilikipata kwa yaliyomkuta baba yangu, na hayo hayaelezeki stendi, jua likiwa utosini.

Baba ni Muorma, mfugaji tangu utotoni. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa Mpokomo, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, na cha Baba mpaka leo ni kile cha soko la mifugo. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wake wengi, aliwaleta waliobaki huku deltani akawauza kabla hawajaanguka. Wafugaji wetu ndivyo wafanyavyo: mnyama huuzwa akiwa bado amesimama, pesa zikawekwa, na mvua ikinyesha mtu hununua mitamba akaanza upya. Mzee asiye na ng'ombe hukaribishwa akaketi na wenzake, lakini haulizwi neno. Baba aliliogopa hilo kuliko njaa.

Wakati huo nilikuwa na hisa kidogo za kampuni moja ya Nairobi, nilizozifuatilia kwenye simu. Zilikuwa zimepanda, na mimi mdomo ulikuwa haufungiki. Baba akaniuliza, "Hii ng'ombe ya simu inakula nyasi?"

"Haili, Baba."

"Mwizi inaweza chukua?"

"Hawezi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi nunulia mimi."

Nikamnunulia kwa pesa zile za ng'ombe, kwa jina langu, maana mambo ya akaunti hakuyataka. Gawio la kwanza la faida lilipoingia alilipokea kama maziwa ya ng'ombe mpya, akagawia majirani sukari. Kisha bei ikaanza kuporomoka. Kampuni ilikuwa ikifanya kazi zake kama kawaida. Watu tu walikuwa wanauza, na wengine wakiwaona wanauza, nao wakauza. Asubuhi kabla ya kengele ya shule nafungua simu, roho mkononi: nyekundu. Mchana: nyekundu. Niliwakaripia watoto wa watu bila sababu kwa ajili ya tarakimu zisizojua hata kama nipo.

Baba alitulia tuli. Kila Ijumaa baada ya swala alinipigia.

"Hisa iko yote?"

"Idadi ni ile ile, Baba, lakini bei..."

"Hakuna imekufa?"

"Hakuna, lakini..."

"Basi, alhamdulillahi. Bei ni maneno ya watu."

Mfugaji huhesabu hivyo. Jioni ng'ombe wakirudi zizini hamna anayeuliza leo wana thamani gani. Watu hutazama kama wametimia. Nilimweleza mara ngapi kwamba hisa ni zile zile, ila siku ya kuziuza zitanunua ng'ombe wachache! Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama watoto wamekula. Kuna siku nilimwonea wivu, naapa.

Mvua ikanyesha. Minjila kukawa kijani mpaka barabarani. Baba akaja amevaa kikoi kipya, akaketi uani kwangu, akasema, "Haya, mwanangu. Kesho soko. Toa ng'ombe zangu."

Nikamwonyesha simu, nikamwambia idadi ya mitamba atakaowapata. Haikufika nusu ya kundi alilouza.

"Lakini iko yote," akasema.

"Ziko zote, Baba."

Wallahi, sijawahi kuuchukia ukweli kama siku ile.

Nilimsihi tuuze hivyo hivyo, tule hasara, apate pa kuanzia. Akanitolea macho. "Mtu anauza mnyama imekonda siku mvua imeanza? Umelisha yeye kiangazi yote, sasa unapea mtu mwingine nyama?" Nami nilikuwa nimesoma kwenye simu maneno ya wataalamu, na wote walisema hayo hayo kwa urefu zaidi: usiuze kwa hofu, subiri. Hawakusema mzee asubirie wapi. Nilikuwa nimechoka kubishana, nikakubali.

Kula kwangu bure hakutaka. Akaenda Bangale kuchunga ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja kwa mshahara. Umri ule! Mtu ambaye zamani yeye ndiye aliyeajiri wachungaji. Nilimlilia asiende. Akaniambia nisimtie aibu, ni mpaka hisa zinenepe tu, kisha atarudi.

Zilichukua muda wake. Zilipanda kidogo zikanipa moyo, zikashuka, zikalala hapo hapo hadi nikaacha kuzitazama. Mvua ikaja nyingine, na nyingine. Mwaka huu ndipo zilipoamka, zikapita hata bei niliyonunulia. Siku ile niliwaacha wanafunzi na zoezi, nikatoka nje nikapiga simu Bangale, nikapiga tena, mpaka mtandao ukashika.

"Baba! Zimerudi! Kundi lako lote unalipata, na zaidi!"

Alimshukuru Mungu. Akaniombea dua ndefu, mimi na watoto, nami nikaitikia amina huku nacheka na machozi yananitoka. Nikamuuliza aje lini tukanunue mitamba, maana nyasi bado zipo.

"Mwanangu," akasema, "goti imekataa. Tangu mfungo mimi nakaa tu hapa, tajiri anapea mimi chai. Sikuambia wewe, ungelia. Ng'ombe nikinunua, nitatembea nayo na nini?"

Sikuuza. Leo asubuhi bei imepanda tena, na Baba haimfai tena; sina wa kumwambia.